Kurasa Zilizofungia Karanga

Kolwezi, Jumapili 3 Novemba 2024

Daftari hili nimelinunua sokoni leo, la kurasa mia moja, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Shule niliishia darasa la sita, lakini kuandika naweza. Naandika kwa sababu chumbani niko na Mechack tu, mpakiaji mwenzangu wa kule depo la madini, mtu wa Dilolo, na yeye akirudi kazini anaziba masikio kwa muziki mpaka usingizi unamchukua.

Nimepiga simu nyumbani, Manono. Godelieve, mke wangu, akasema wote ni wazima. Nikamwomba anipe Joyeuse. Nikasikia akimwita, nikasikia miguu ikija, halafu nikasikia miguu ikirudi.

"Anasema hana neno la kukuambia, Tata Joyeuse."

Joyeuse ni binti yetu. Ana miaka kumi na mitatu. Huu ni mwaka wa nne sijaisikia sauti yake.

Ili tusinyamaze, Godelieve akanieleza kwamba masista wameleta mchezo shuleni, wa ubao wenye vyumba vyeusi na vyeupe, na ndani yake mna mfalme, malkia na farasi. Joyeuse anawashinda hata wasichana wakubwa.

"Naujua huo," nikasema.

Nilidanganya. Nimewaona tu wazee wa mtaa wa Kapata wakiucheza, nikiwa napita.

Jumanne 5 Novemba

Mvua kubwa ya kwanza. Gunia la mawe likilowa si gunia tena, ni mtu mzima anayekataa kwenda.

Jumapili 10 Novemba

Baada ya misa nimetembea mpaka Kapata. Mwenye ubao ni mzee anayeitwa tata Symphorien, alikuwa fundi wa mashine katika kampuni ya madini kabla ya kustaafu. Vipande vya mchezo alivichonga mwenyewe karakanani, upande mmoja wa shaba na upande mwingine wa aluminiamu. Alinitazama viatu kwanza.

"Unatoka wapi, wewe?"

"Manono, tata."

"Manono! Na unakuja mpaka hapa juu ya mchezo? Batoto yangu mwenyewe banakataa, banasema ni mambo ya bazee."

"Nataka kucheza na binti yangu."

"Eko wapi?"

"Manono."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi mukono yako ni murefu!"

Tangu hapo haniiti Mukalay, ananiita Manono. Alinifundisha mwendo wa kila kipande, akanifunga mara nne, na mwisho akainua kidole.

"Sikia hii. Ukimutishia mfalme na hana pa kukimbilia, umeshinda. Na kama haujamutishia, lakini hana pa kwenda na hana kipande ingine ya kusogeza, umeshinda vilevile. Hapa Kapata, mwenye kukosa njia ameshindwa. Tulicheza vile tangu wakati ya kampuni, juu hakuna mutu alitaka kurudi kwa nyumba bila kujua nani amepigwa."

Alhamisi 14 Novemba

Malori saba. Sina mgongo leo.

Jumapili 17 Novemba

Tata Symphorien ameniazima kitabu. Kimeandikwa kwa Kifaransa, na sehemu zake ni tatu: mianzo, katikati ya mchezo, na miisho. Sheria hakifundishi, kinazungumza na msomaji kama mtu anayezijua tayari. Ukurasa mmoja unanichukua saa nzima.

Sehemu ya tatu haipo. Kitabu kinakatika kwenye ukurasa wa 188, katikati ya sentensi: "Mfalme aliyebaki na askari mmoja tu..." Halafu jalada.

Nilipomuuliza, mzee akakuna kichwa. "Marehemu mama Tshibola, muke yangu, alikuwa anauzisha karanga kwa barabara. Karatasi ya kufungia ilipoisha, akachana kitabu kutoka nyuma. Mi sikujua. Siku moja nikanunua karanga kwake kwa kumutania tu, nikafungua, nikakuta mufalme."

"Ulifanya nini?"

"Nilikula karanga."

Nimejitengenezea ubao wa katoni. Vipande vyangu ni mawe ya kijani niliyookota chini ya mizani, vya Joyeuse ni kokoto nyeupe.

Jumatano 20 Novemba

Mlinzi wa lango amenikamata na mawe mfukoni. Akayamwaga mezani.

"Na hii ni nini?"

"Askari wanane, chef, na wakubwa wao."

Wenzangu waliangua kicheko hata yeye akacheka, lakini mfalme alimchukua, akasema huyo peke yake ana madini ya kutosha. Sasa mfalme wangu ni nati ya lori.

Jumapili 24 Novemba

Wiki iliyopita nilimwomba Godelieve amwambie Joyeuse kwamba nataka tucheze kwa ujumbe wa simu, hatua moja kila siku. Kila chumba cha ubao kina herufi na namba yake, kwa hiyo inawezekana. Leo jibu limekuja kwa simu ya mama yake, lakini maneno si ya mama yake:

"Ukinishinda nitashika simu tuongee. Nikikushinda, usiniite tena mpaka siku utakuja mwenyewe. Mimi nyeupe. e4."

Nimeusoma mara nyingi. Mechack, ambaye huniita Vieux, yaani mzee, akasoma juu ya bega langu.

"Vieux, mutoto yako ni jaji."

Jumatatu 25 Novemba

e5.

Jumapili 8 Desemba

Kitabu kinasema mwanzo si wa kupiga bali wa kuamka: toa farasi, toa maaskofu, mfiche mfalme pembeni, usimkimbize malkia nje mapema. Nafanya hivyo. Joyeuse pia. Kila jioni nikitoka kuoga nasogeza kokoto moja nyeupe na jiwe moja la kijani, na hiyo ndiyo siku yangu, mengine yote ni magunia.

Hatua zake zinakuja bila neno lolote. "Cf3", farasi. "Fc4", askofu. Herufi ni za Kifaransa, kama za kitabu. Lakini nimeanza kumsikia ndani yake. Hakimbii. Askari wake mmoja nilimsogelea kwa farasi, naye akatumia hatua tatu kumlinda, hatua ambazo angeweza kunishambulia nazo. Hapendi kuacha mtu. Sikujua kwamba binti yangu yuko hivyo. Nilipoondoka alikuwa bado anang'oka meno ya utoto.

Jumatano 11 Desemba

Mvua. Mtandao umelala. Hakuna hatua.

Alhamisi 12 Desemba

Hakuna hatua.

Ijumaa 13 Desemba

Hakuna. Nimewaza kwamba ameacha. Nimebeba magunia kama mtu aliyekasirikiwa na magunia.

Jumamosi 14 Desemba

Imefika. Amemficha mfalme wake pembeni. Nimecheka peke yangu njiani hata mama muuza mihogo akaniuliza kama nimelewa.

Jumapili 15 Desemba

Tumeingia katikati ya mchezo. Tata Symphorien anasema hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu kitabu hakikushiki mkono tena.

"Mwanzo unaweza kukariri kama katekisimu," alisema. "Hapa katikati, Manono, ujiulize kitu moja tu: kipande gani haina kazi? Uipe kazi."

Nikawaza, tata, ni mimi.

Jumatano 25 Desemba

Misa, wali, nyama ya mbuzi kwa Mechack na dada yake. Joyeuse hakuandika Noeli njema. Lakini alicheza.

Jumapili 5 Januari 2025

Amemleta malkia wake mbele ya mfalme wangu. Askofu wake anatazama palepale. Tata Symphorien aliupanga ubao, akatazama muda mrefu, akasema, "Mutoto huyu hana huruma. Hiyo roho ametoa kwa nani?" Nikasema kwa mama yake. Akasema hapana, mama angekuwa amepiga kelele kwanza.

Jumapili 12 Januari

Sikwenda Kapata, mvua imechukua daraja dogo la miti. Nimekaa mbele ya katoni tangu asubuhi. Kila nikigusa kipande naona ninavyokufa. Mechack alitoa sikio moja kwenye muziki.

"Bado tu? Vieux, hii simu yangu iko na mashine ya kucheza. Ipe mambo yako, itakuambia. Hata babingwa hawaiwezi."

"Hapana."

"Ukishindwa utakaa bure na ujinga yako. Ukishinda utaongea na mutoto. Ni nini ngumu hapo?"

Alipanga ubao kwenye simu. Kabla sijameza mate mashine ilijibu. Ilisema nitoe ngome yangu yote bure, bila kuchukua kitu. Sikuelewa. Mechack akasogeza kidole, akanionyesha: hatua tano mbele, malkia wa Joyeuse amenaswa.

Nimetuma.

Jumatatu 13 Januari

Sikufanya kazi vizuri. Kapita, msimamizi wetu, alinifokea mara mbili. Nilikuwa naiwaza ile ngome.

Jibu lake lilifika saa sita mchana, na chini ya hatua, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, palikuwa na maneno: "Umeona mbali."

Ni sifa. Binti yangu amenisifu, na aliyesifiwa ni simu ya Mechack.

Sasa niandike jambo ambalo sikuwahi kuliandika, maana kama siwezi kuliandika hapa sitalisema popote. Tulikuwa na mtoto wa pili, Kalumba. Alikuwa na miaka minne. Wakati huo nilikuwa Fungurume, nimepata nafasi kwenye kundi la wapakiaji baada ya kuingoja miezi. Siku ya Jumatatu Godelieve akapiga simu: mtoto ana surua, njoo. Siku ya Jumatano: mtoto amekwenda, njoo tumzike. Nilimwendea kapita wa kule. Akasema nenda, wako kumi wanangojea nafasi yako.

Sikwenda. Nilipiga simu nyumbani nikasema barabara imekatika, mvua imebomoa daraja, nitajaribu kwa njia nyingine. Nilisema nitafika. Godelieve aliniambia baadaye kwamba Joyeuse alikaa barabarani kuningoja, siku tatu, na maziko yakachelewa kwa ajili yangu siku moja.

Ilikuwa Julai. Hata mtoto wa miaka tisa anajua kwamba Julai hapana mvua.

Alikuja kwenye simu mara moja baada ya hapo. Akauliza, "Mvua bado?" Nikasema bado. Tangu siku hiyo hajashika simu.

Nimetuma ujumbe sasa hivi: "Hatua ya jana si yangu, ni ya mashine ya rafiki. Na barabara ile ya Julai haikukatika. Niliogopa kupoteza kazi."

Mechack ameusoma akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyemwaga maji ya kunywa.

Jumanne 14 Januari

Hakuna jibu.

Jumatano 15 Januari

"Rudisha hatua. Cheza yako."

Kuhusu barabara, hata herufi moja.

Nimerudisha ngome mahali pake na kucheza yangu. Nilifikiri ilikuwa nzuri.

Alhamisi 16 Januari

Haikuwa nzuri. Nimepoteza farasi.

Jumapili 26 Januari

Matope mpaka magotini. Lori moja limelala ubavu kwenye njia ya depo, tumepakua gunia moja moja na kupakia upya. Tumebadilishana vipande vingi: ngome kwa ngome, malkia kwa malkia. Kila kinachotoka ubaoni nakiweka ndani ya kopo la maziwa. Kopo linajaa.

Jumapili 9 Februari

Tata Symphorien amevimba mguu, anacheza akiwa amelala kwenye kiti chake cha kamba. Nimempangia ubao wetu. Joyeuse ana mfalme na askari wawili, mimi nina mfalme na askari mmoja, yule wa pembeni kabisa.

"Hapa sasa ni sehemu ya tatu, tata. Kitabu kinasemaje?"

"Waulize waliokula karanga."

Halafu akawa mpole. "Mi sijui miisho, Manono. Hapa Kapata tulikuwa tunafika hapo, giza inaingia, mama Tshibola anaita chakula. Kimbiza huyo askari yako. Akifika mwisho wa ubao anageuka malkia. Hiyo tu."

Jumapili 16 Februari

Nakimbiza. Nilimla askari wake mmoja kwa mfalme, lakini wa pili ana nafasi mbele.

Nakaa na jiwe la kijani mkononi hata nikila. Nimegundua kwamba sitaki mchezo uishe, iwe nimeshinda au nimeshindwa. Ukiisha, jioni zitakuwa na nini?

Jumanne 25 Februari

Askari wake amefika kwanza. Amekuwa malkia. Wangu amebakiza hatua moja tu, yuko a2, mfalme wangu pembeni yake. Mechack alitazama, akaweka simu yake mezani karibu nami. Niliisukuma irudi kwake.

Jumamosi 1 Machi

Malkia wake amenitishia kutoka b3. Nina njia mbili: kumkimbia askari wangu naye aliwe, au kujibana kwenye kona, a1, mbele yake. Nimejibana. Sasa askari hawezi kupita kwa sababu aliyemzuia ni mfalme wake mwenyewe.

Jumapili 2 Machi

Amemleta mfalme wake hatua moja karibu. Hakunitishia. Nilifurahi kidogo, nikanyoosha mkono nicheze, na mkono ukabaki hewani.

Sina pa kwenda. Kulia ni mwisho wa ubao, mbele ni mwisho wa ubao, vyumba viwili vilivyobaki malkia wake anavitazama vyote, na askari wangu nimemziba mimi. Hakuna hatua hata moja. Nimehesabu tena, nimezungusha katoni nikaitazama kutoka upande wake. Hakuna.

Mwenye kukosa njia ameshindwa.

Nilitoka nje nikakaa kwenye kizingiti. Mvua ilikuwa ndogo, ya kuaga. Niliwaza kuandika kwamba mtandao ni mbaya. Niliwaza kuandika kwamba ubao ulimwagika. Nimeona jinsi uongo unavyonijia haraka kuliko hatua yoyote.

Nimetuma hivi: "Mfalme wangu amekosa njia. Nimeshindwa. Umecheza vizuri sana kuliko mimi. Sitakuita tena mpaka nije. Msalimie mama."

Nati ya lori nimeiacha kwenye kona yake. Sijaweza kuiweka koponi.

Jumatatu 3 Machi

Malori manne.

Jumanne 4 Machi

Leo saa kumi na moja, tukiwa tunanawa kwenye pipa la depo, simu ililia. Namba ya Godelieve. Nikashika kwa mkono wenye sabuni.

"Papa."

Sauti imekuwa nzito kidogo. Ningepishana naye barabarani nisingeijua.

"Papa, uko pale?"

"Niko."

"Ni nani alikufundisha hii mambo ya kushindwa?"

"Mzee mmoja wa Kapata."

"Anakudanganya! Mfalme yako nilimutishia? Sikumutishia! Hana njia, lakini hakuna mutu anamupiga. Ile ni sare, papa! Hakuna mwenye ameshinda. Iko kwa kitabu ya basista, nyuma kabisa. Sista Adèle alituambia, askari ya pembeni mumuogope, musisogeze mfalme mbio mbio. Na mi nikasogeza. Mujinga, mi!"

Alikuwa na hasira kwelikweli, hasira ya mtu aliyevunja sahani. Mimi nilikuwa nimesimama na povu likinishuka mpaka kiwikoni. Mechack alitoa muziki masikioni, masikio yote mawili.

"Kwa hiyo sikushindwa?"

"Haukushindwa. Haukushinda vilevile. Ningeweza kukaa kimya. Ulisema mwenyewe umeshindwa. Nilikaa na ile ujumbe siku mbili."

"Kwa nini hukukaa kimya?"

"Wewe ulirudisha hatua ya mashine."

Nikasikia kuku wa nyumbani kwangu nyuma yake. Kuku ambao siwajui.

"Na Julai nilijua," akasema. "Nilikaa barabarani, kulikuwa vumbi. Malori ilikuwa inapita, moja, ingine. Kila lori nilisimama. Kulikuwa vumbi, papa."

"Ndiyo. Kulikuwa vumbi."

Nilisema anisamehe. Neno lilitoka dogo, kama vile nimeomba chumvi.

"Sare haikukuwa kwa mapatano yetu," akasema mwisho.

"Basi tufanye nini?"

"Tunaanza tena. Sasa wewe nyeupe."

Simu ikakatika. Salio au mtandao, sijui.

Jumapili 9 Machi

Nimempelekea tata Symphorien habari. Alikataa katakata.

"Sare? Sare ni nini? Hapa Kapata umepigwa, Manono."

"Hapa Kapata ndiyo, tata. Manono hapana."

Alitazama kile kitabu chake kilichokatika. Akapitisha kidole pale kurasa zilipochanwa, polepole, kama anayepapasa kovu. "Miaka arobaini na tano imepita," akasema, "nilimupiga Symphorien mwingine, jina moja na mi, mukubwa wa karakana, kwa ile sheria. Alikasirika akaacha kunisalimia. Kumbe tulikuwa sawa." Halafu akaniuliza kama huyo sista anaweza kunakili zile kurasa. Nikamwambia nitauliza mwenyewe.

Jumatano 12 Machi

Siku ya nne bila mvua. Nimemwambia kapita kwamba malori ya kaskazini, ya kwenda Manono, yakianza kupita, nitaondoka. Alisema maneno yaleyale ya kapita wa Fungurume, kwamba wako kumi wanangojea nafasi yangu. Nikamwambia amchague mwenye mgongo mzuri.

Sikuwahi kuanza mchezo. Siku zote nilikuwa wa kujibu. Jioni nimeupanga ubao, kokoto nyeupe upande wangu, nimekaa sana. Mwisho nimetuma: "e4. Jibu lako usilitume. Liweke ubaoni, nitalikuta hapo."

Mechack anasema barabara ya kule haitakauka kabla ya mwisho wa Aprili.

Jibu limefika nikiwa nafunga daftari:

"Tutaona."